Idadi ya Walioingia

Jinja,
10 Juni 2022

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limetulia baada ya mvua za mwezi uliopita. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nakujua: simu niliyokununulia unaitunzia habari za misiba. Sasa njia imepatikana. Kila Jumamosi gari la kampuni litapeleka mzigo Mbale, na dereva wake, Arnold, amekubali kuwa tarishi wetu. Atakuachia barua zangu na kusubiri zako.

Mzigo huo ndio habari yenyewe. Ninayo heshima kukufahamisha kwamba mwajiri wangu, Bwana Rakesh, amenipandisha cheo. Tangu Jumatatu mimi ni Meneja wa Upanuzi wa maduka yake ya divai. Hadi leo anayo mawili, yote hapa Jinja: lile la Main Street alilolianzisha marehemu baba yake, na lile la Kimaka, ambako maofisa wa chuo cha jeshi hununua chupa za sherehe zao. Nilipendekeza la tatu, kwa maandishi, kurasa kumi na nne, na limekubaliwa. Litafunguliwa Mbale tarehe 16 Julai, mkabala na kibaraza cha rafiki yako Burhan, fundi viatu. Muuzaji nimekwisha kumpata: Phiona, binti wa jirani yako.

Nafahamu msimamo wako kuhusu pombe. Hata hivyo divai, Baba, si pombe kali kama waragi. Ni bidhaa inayosomewa, yenye kanuni zake za joto, mwanga na hewa. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele siku ya ufunguzi. Nitafurahi mno ukikikalia.

Wako mtiifu,
Binti yako, Khainza


Mbale,
18 Juni 2022

Kwa Khainza, binti yangu.

Barua imefika. Arnold yuko nje anakula ndizi, kwa hiyo naandika upesi.

Idadi ya nyumbani asubuhi ya leo: mtu mmoja, ng'ombe wawili, na kuku ambao miaka thelathini ya kazi ya magereza haijanifundisha namna ya kuwahesabu. Hakuna aliyetoroka. Goti linauma jioni tu.

Hongera kwa cheo. Nimemwambia Burhan na amewaambia wengine wote, kwa hiyo usijisumbue kumwandikia mtu mwingine.

Kwenye ufunguzi sitakuja. Unajua kwamba kabla sijaokoka nilivuliwa tepe moja ya cheo kwa ajili ya pombe. Mama yako, Mungu amweke mahali pema, aliishona tena kwa mkono wake baada ya miaka minne, na siku ile nilimwapia kwamba mlango wa duka la pombe sitauvuka. Sikusema mlango wa nani.

Kiti mpe mtu mwingine.

Baba yako


Jinja,
7 Oktoba 2022

Baba mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu, ambacho nakiombea radhi. Hali yangu ni njema, ila usingizi umekuwa haba kwa wingi wa kazi. Goti linaendeleaje?

Naomba kukuarifu kwamba duka la Mbale limevuka kila makadirio. Wiki ya tatu ya Agosti pekee liliuza katoni nyingi kuliko Main Street inavyouza kwa miezi mitatu. Divai nyekundu tamu haikai rafuni. Phiona anaiuza kabla hajafungua boksi. Nimechora mchoro wa mauzo na kuubandika ofisini. Mstari wake unapanda kama njia ya kwenda mlima Wanale. Bwana Rakesh aliutazama akaniambia, "Khainza, nilikuajiri utupe hesabu za Mbale, kumbe umetupa Mbale yenyewe." Sikulala usiku ule, kwa furaha.

Kero moja tu ndiyo inayoturudisha nyuma. Msimu huu barabara zote zimejaa vijana wanaocheza ngoma za imbalu kabla ya kwenda kutahiriwa, wamejipaka unga wa ulezi, na jamaa zao wote nyuma yao. Jumamosi iliyopita walimzuia Arnold saa nzima. Nimemwelekeza apitie njia za nyuma mpaka wamalize.

Naambiwa huketi kibarazani kwa Burhan kila siku na kulitazama duka. Ni hatua ishirini tu, Baba.

Binti yako, Khainza


Mbale,
15 Oktoba 2022

Kwa Khainza.

Idadi ya nyumbani ni ile ile, isipokuwa ng'ombe mmoja amezaa. Goti liko kazini.

Ni kweli nakaa kwa Burhan. Mtu aliyehesabu watu maisha yake yote hawezi kuona mlango akaacha kuhesabu. Jana, tangu saa nne hadi saa kumi na moja, walioingia dukani kwako walikuwa sitini na wanne. Wengi ni wazee wa rika langu, na hawatoki na chupa. Wanatoka na katoni.

Burhan ananicheka. Anasema, "Afande Yekosofati, mimi Mwislamu, wewe mlokole, hatunywi sote wawili, na ndio wateja wa duka hilo wasiokosa hata siku moja." Nikamwambia ashone kiatu.

Hatua ishirini nimezihesabu. Ni ishirini na sita.

Baba yako


Jinja,
13 Januari 2023

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Naamini umeuanza ukiwa na afya, na kwamba ndama anaendelea vyema. Mimi sina la kulalamikia.

Nakuandikia kwa jambo zito, na ningependa ulisome mara mbili. Nimemshauri Bwana Rakesh afungue maduka mengine matatu: la pili hapo Mbale, moja Sironko na moja Bududa. Yatakuwa sita kwa jumla. Kwa ajili hiyo ataiweka rehani nyumba ya Main Street, ambayo ni duka chini na makazi ya familia yake juu. Mkewe hakupenda. Yeye amesema anautegemea mchoro wangu.

Mimi nimezaliwa kota za magereza na kukulia humo, kila miaka mitatu mji mwingine, nyumbani tukizungumza Kiswahili kwa kuwa wewe ni Mgisu wa Mbale na Mama alikuwa wa kabila la Lango. Nawajua watu wa Mbale kwa takwimu. Wewe unawajua kwa majina. Kwa hiyo nauliza, kwa heshima zote: je, wataendelea kununua hivi? Neno lako nitalifikisha kwa Bwana Rakesh kabla hajatia sahihi.

Binti yako, Khainza


Mbale,
21 Januari 2023

Kwa Khainza.

Swali lako nimelisoma mara mbili kama ulivyosema.

Watu ni watu. Wakiwa na sababu ya kununua watanunua. Aliyesoma ni wewe.

Mvua bado. Ndama ana afya. Idadi sawa.

Baba yako


Jinja,
1 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Salamu. Natumai hujambo. Nisamehe kwa miezi yote hii. Kila Ijumaa nilianza barua, na kila Ijumaa sikuona la kukuandikia lenye sura nzuri.

Maduka matatu mapya yalifunguliwa Aprili. Hadi leo sijaelewa kilichotokea. Nilitarajia Julai itanyanyuka, haikunyanyuka. Nikasema Agosti. Mwaka jana Agosti ilitubeba mabegani. Mwaka huu Phiona anafuta vumbi chupa zile zile asubuhi na jioni, na Bududa muuzaji ameanza kuuza vocha za simu ili asisinzie. Nimepunguza bei. Nimeweka siku za kuonja bure: watu walionja, wakashukuru, wakaenda zao. Nimebadilisha mabango mara mbili. Nimeisoma tena ile ripoti yangu ya kurasa kumi na nne kutafuta kosa, na kila hesabu ni sahihi.

Bwana Rakesh halalamiki. Anakunywa chai akiwa amesimama, na anaponipita husema, "Tuone mwezi ujao." Ningependa anigombeze.

Nimechoka, Baba. Hata kuandika hivi kunanichosha.

Binti yako, Khainza


Mbale,
9 Septemba 2023

Kwa Khainza.

Nimesikitika. Pumzika. Kula.

Walioingia jana: watano. Mmoja aliuliza njia ya kwenda benki.

Hakuna kazi inayostahili kukuondolea usingizi. Shule zinatafuta walimu wa hesabu. Fikiria.

Baba yako


Jinja,
15 Desemba 2023

Baba,

Salamu. Hii ni barua ya mwisho atakayoileta Arnold. Kesho anakuja kukusanya chupa zilizobaki Mbale, Sironko na Bududa, na baada ya hapo gari litauzwa. Kimaka tumekwisha kuikabidhi kwa mpangaji mwingine. Limebaki Main Street, na hilo nalo linadaiwa na benki pamoja na vitanda vya watoto wa Bwana Rakesh juu yake.

Wiki iliyopita nilikuwa Mbale kufunga hesabu. Sikuja nyumbani, unisamehe. Nilipokuwa nikipakia na Phiona nilisema, zaidi kwa nafsi yangu, kwamba ningetoa chochote kujua wale wazee wa katoni wamekwenda wapi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Dada, si mwaka huu hakuna imbalu?"

Nikamwambia aendelee.

"Imbalu ni miaka ya sabini na nane, themanini, hivyo hivyo mpaka elfu mbili ishirini na mbili. Mtoto akitahiriwa lazima baba yake aweke kitu mezani kwa wajomba. Busaa ni pombe ya mtungini, ya kila mtu. Wajomba wa Kampala wanawekewa divai. Mwaka huu nani anatahiri? Hakuna."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Alisema, "Nilidhani unajua. Wewe si Mgisu? Na mimi ni nani nimfundishe meneja kalenda ya kwao?"

Nilimweleza Bwana Rakesh siku iyo hiyo. Akasema taratibu, "Kwa takwimu ningeweza kumwajiri mtu yeyote. Wewe nilikuajiri kwa sababu ni wa kule." Hakunifukuza. Kuanzia Januari nitapanga rafu.

Kwa muda wa miezi mitatu nilimwelekeza dereva awakwepe wateja wangu kwa njia za nyuma.

Nina swali moja, na safari hii usilisome mara mbili. Ulijua?

Khainza


Mbale,
6 Januari 2024

Binti yangu,

Barua hii anakuletea Phiona. Anakuja Jinja kutafuta kazi, kwa sababu hapa hana.

Nilijua.

Siku ya kwanza nilipowaona wazee wanatoka na katoni nilijua wanaenda nazo wapi, na lini wataacha. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua. Burhan si Mgisu na anajua. Yeye anaiita miaka ya shufwa, ile inayogawanyika kwa mbili, na miaka ya witiri, isiyogawanyika. Ungekuwa na kaka ungejua na wewe, maana nyumba yetu ingechezewa ngoma. Sikubahatika kupata mtoto wa kiume, na sijawahi kujuta isipokuwa mwezi uliopita.

Ulipouliza, nilikaa na kalamu mpaka Arnold akapiga honi. Nilijiambia, nikinyamaza duka litajifunga lenyewe, na mtoto wangu atatoka kwenye pombe bila mimi kugombana naye. Niliona duka moja. Matano sikuyaona, wala nyumba ya yule Mhindi na watoto wake, wala Phiona, ambaye nilimbeba angali mchanga.

Gerezani niliwaandikia mashtaka askari wengi. Kosa baya kuliko yote halikuwa kulala zamu. Lilikuwa kuona mlango uko wazi na kuandika kitabuni kwamba idadi ni sawa. Mimi nimekuandikia hivyo mwaka mzima.

Sina utetezi.

Baba yako


Jinja,
7 Juni 2024

Kwa Bwana Yekosofati,

Salamu. Barua yako ya Januari niliipokea. Sikuijibu.

Naandika kwa shughuli ya kikazi. Nilipanga rafu miezi mitano. Mwezi uliopita nilimwomba Bwana Rakesh dakika kumi, nikampelekea ukurasa mmoja badala ya kumi na nne. Tufungue duka lile la kwanza la Mbale, hilo tu. Tukodi gari kwa siku, tupeleke mzigo nyumba kwa nyumba kule milimani badala ya kulipia milango isiyofunguliwa. Mwaka wa imbalu tuagize kwa wingi; mwaka unaofuata tubakize rafu mbili na mtu mmoja. Aliusoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Huu ulichora wewe au Mbale?" Kisha akaketi. Amekubali msimu mmoja. Usipofanikiwa, benki itachukua nyumba.

Phiona anarudi kazini. Arnold ataendesha.

Ninachohitaji ni kujua kila ukoo unatahiri wiki gani, kwa maana naambiwa hawatahiri kwa pamoja. Nakuuliza kama ningemuuliza mtu yeyote anayeijua Mbale. Naomba jibu kamili.

Khainza


Mbale,
29 Juni 2024

Kwa Khainza.

Jibu limechelewa wiki tatu kwa sababu nilikwenda mwenyewe. Wazee wa koo hawasemi siku zao kwa simu, na wengine hawasemi mpaka unywe chai na uulize habari za ng'ombe.

Nimeambatisha orodha. Ni koo kumi na tisa, kila moja na wiki yake, jina la mzee wake, na mahali gari linapoweza kufika. Nilipoandika alama ya msalaba, njia ni ya miguu; Arnold atafute wabebaji. Nilipoandika duara, wamefiwa na wameahirisha. Namba tisa, ndugu wawili wanagombana juu ya ardhi, usimpelekee mmoja bila mwingine.

Wanne waliniuliza mlokole anatafuta nini kwenye habari za divai. Niliwaambia ni kazi ya binti yangu. Hilo nililisema mara nne.

Goti limekataa kazi tangu Alhamisi.

Baba yako


Jinja,
31 Januari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje? Phiona ameniambia kwamba sasa unatembelea fimbo na kwamba huipendi.

Msimu umekwisha. Orodha yako ilikosea mahali pamoja tu, namba kumi na nne, na ni kwa sababu mto ulifurika. Bwana Rakesh amelipa benki malimbikizo yote, na mkewe aliniletea sambusa hadi kaunta. Mwezi wa tatu tutaichukua tena Kimaka. Sikushangilia. Nilikwenda chumbani nikalala kwa saa kumi na tatu.

Sasa tumeingia mwaka wa witiri. Bwana Rakesh ameniambia waziwazi: akiona duka la Mbale linaweza kusimama lenyewe hadi Juni, bila ngoma, litabaki. Lisipoweza, litakuwa la msimu tu, na Phiona atakuwa na kazi mwaka mmoja na njaa mwaka mmoja. Nimeweka chupa nzuri zaidi dirishani, nembo zikitazama barabara, ili wapita njia wazione. Sijui kama inatosha. Sijui mengi niliyodhani nayajua.

Sikualiki tena dukani. Kiapo ulimwapia Mama, na mimi sikuwa na haki ya kukipimia hatua.

Nilikuwa na hasira nawe muda mrefu, Baba. Imeniishia njiani, sijui wapi.

Binti yako, Khainza


Mbale,
15 Februari 2025

Kwa Khainza, binti yangu.

Idadi ya nyumbani: mtu mmoja, ng'ombe watatu, fimbo moja. Kuku kama kawaida.

Nina jambo la kuripoti. Duka lako linatazama magharibi. Kuanzia saa tisa jua linaingia dirishani, na saa kumi linazipiga zile chupa moja kwa moja mpaka saa kumi na mbili kasorobo. Nimeliona hilo tangu mwaka wa ishirini na mbili nikiwa kwa Burhan. Uliwahi kuniandikia kwamba divai ina kanuni zake za joto na mwanga. Niliisoma, nikalitazama jua, nikanyamaza. Hilo nalo lilikuwa kwenye hesabu yangu, na nilikuwa sijakuambia.

Jana mteja mmoja alirudisha chupa. Nilimsikia kutoka ng'ambo akimwambia Phiona kwamba imekuwa siki. Phiona alikuwa anamwomba msamaha na hajui kosa ni la nani. Nikamwambia Burhan anishikie kofia.

Ni hatua ishirini na sita. Kwa fimbo ni thelathini na tano.

Nilimwambia Phiona kosa ni la jua, na la aliyeliona. Tulizihamisha chupa sote wawili, ishirini na mbili, kwenye rafu ya chini upande wa ukuta, ambako ni baridi. Dirishani tumeweka maboksi matupu. Mama yako nimemweleza leo asubuhi kaburini. Nitamweleza tena kesho, maana sikumaliza.

Burhan alipaza sauti barabara nzima isikie: "Afande, mfungwa ametoroka!" Watu wawili walisimama kutazama, na mmoja wao akaingia akanunua.

Walioingia jana, tangu saa tatu hadi saa kumi na moja: tisa.

Wa tisa ni mimi.

Baba yako